James Alexander Henshall

James Alexander Henshall (Baltimore, Maryland, 29 Februari 1836 – Cincinnati, Ohio, 1925) alikuwa daktari, mwandishi na mtaalamu wa samaki kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kitabu chake Book of the Black Bass, kilichotolewa mwaka 1881, na kwa ufito wa kuvulia alioubuni kwa ajili ya samaki aina ya besi mweusi. Ufito huo ulikuja kuitwa ufito wa Henshall.

Kabla ya wakati wake, mvuvi wa besi alitumia vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya samaki wengine. Henshall alishikilia kwamba kila samaki na kila namna ya kuvua ina ufito wake, na kwamba vipimo vya ufito huo vitokane na kazi unayopaswa kufanya. Fikra hiyo ndiyo msingi wa kazi ya waundaji wa fito maalumu za besi hadi leo.

Maisha ya awali

Henshall alizaliwa Baltimore, mji wa bandari katika jimbo la Maryland. Kwa kuwa alizaliwa tarehe 29 Februari, siku yake ya kuzaliwa ilifika mara moja tu katika miaka minne. Tena kati ya 1896 na 1904 alingoja miaka minane, kwa sababu mwaka 1900 haukuwa mwaka mrefu.

Akiwa kijana alihamia Cincinnati, Ohio, kando ya mto Ohio. Huko alisomea udaktari na kupata shahada yake. Baadaye alivuka mto kwenda jimbo la Kentucky, akafanya kazi ya udaktari katika mji mdogo wa Cynthiana wakati wa Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani. Cynthiana ilipiganiwa mara mbili, mwaka 1862 na mwaka 1864, na katika pigano la pili sehemu ya mji iliteketea kwa moto.

Mji huo uko kando ya tawi la kusini la mto Licking, mto wenye mawe na maji maangavu ambamo besi ni wengi. Baadaye Henshall aliishi pia Oconomowoc katika jimbo la Wisconsin, eneo lenye maziwa mengi. Hivyo aliwafahamu besi wa mitoni na besi wa maziwani, na alipata nafasi ya kulinganisha tabia zao kwa miaka mingi kabla ya kuandika kitabu chake.

Samaki besi

Besi weusi ni samaki wa maji baridi wa jenasi Micropterus. Asili yao ni Amerika ya Kaskazini. Aina mbili zinazojulikana zaidi ni besi mdomo-mkubwa (Micropterus salmoides), anayependa maji yaliyotulia yenye majani, na besi mdomo-mdogo (Micropterus dolomieu), anayependa maji yanayotembea na sakafu ya mawe.

Pamoja na jina lao, samaki hawa si weusi hasa. Rangi yao ni ya kijani au ya hudhurungi, nayo hubadilika kufuatana na maji wanamoishi.

Wakati wa Henshall majina yao ya kisayansi yalikuwa yamevurugika sana. Mtaalamu Mfaransa Lacépède alikuwa ameeleza aina ya mdomo-mdogo mwaka 1802 kwa kutumia kielelezo ambacho pezi lake la mgongoni lilikuwa limeharibika. Akidhani kipande kilichochanika ni pezi la pekee, alimpa samaki huyo jina lenye maana ya pezi dogo. Baada yake Rafinesque, aliyefundisha Lexington huko Kentucky, na wataalamu wengine walitoa majina mengi kwa samaki walewale, hata besi mchanga na besi mkubwa wa aina moja wakahesabiwa kuwa samaki tofauti.

Henshall alikusanya maandishi hayo, akayalinganisha na samaki halisi, akaonyesha kwamba orodha hiyo ndefu ilihusu aina mbili tu. Baadaye wataalamu walitambua aina nyingine katika jenasi hiyo, lakini utaratibu wake uliondoa sehemu kubwa ya mkanganyiko.

Vifaa kabla ya Henshall

Katikati ya karne ya 19 heshima ya uvuvi wa burudani nchini Marekani ilikuwa ya trauti na samoni, samaki waliosifiwa katika vitabu vya Uingereza. Besi alihesabiwa kuwa samaki wa watu wa bara, mzuri kwa kitoweo tu. Wenye maduka ya vifaa huko New York na Philadelphia waliuza fito za trauti, za samoni na za samaki wa pwani. Anayetaka kuvua besi alijitafutia mwenyewe.

Watu wa Kentucky walikuwa wamekwisha kupiga hatua katika jambo moja. Mwanzoni mwa karne ya 19 George Snyder, fundi wa saa wa mji wa Paris katika jimbo hilo, alitengeneza rili yenye meno ya gia kama ya saa. Mkono wa rili ukizungushwa mara moja, gurudumu la mshipi lilizunguka mara kadhaa. Ndugu Meek na Benjamin Milam wa mji wa Frankfort waliendeleza kazi hiyo, na rili za Kentucky zikajulikana kwa wepesi wake. Kwa rili kama hiyo mvuvi aliweza kutupa chambo mbali huku akizuia mwendo wa gurudumu kwa kidole gumba, ili mshipi usije ukajisokota.

Tatizo lilibaki kwenye ufito. Wengi walitumia mwanzi mzima au ufito mrefu wa mbao, wenye urefu wa mita tatu hadi nne, mzito na mgumu. Ufito kama huo ulichosha mkono kabla ya saa sita. Tena ulipotupwa kwa nguvu ulimng'oa samaki mdogo aliyetumika kama chambo kutoka kwenye ndoana, au ulimuua. Kwa upande mwingine, ufito wa trauti ulikuwa laini mno. Ulifaa kurusha nzi bandia asiye na uzito, ila uliinama ovyo ulipofungwa chambo kizito, na haukuwa na nguvu ya kumzuia besi asikimbilie kwenye visiki.

Ufito wa Henshall

Katika miaka ya 1870 Henshall alianza kuandika katika magazeti ya uvuvi na uwindaji kuhusu ufito unaomfaa besi. Alianza na kazi yenyewe kabla ya kugusa mbao. Namna kuu ya kuvua katika Kentucky ilikuwa kutupa samaki mdogo aliye hai kwa rili, kwa mtupo wa ubavuni, ili atue majini taratibu na kuendelea kuogelea. Kutokana na kazi hiyo yalitoka masharti matatu:

* ufito uwe mwepesi kiasi cha kushikwa kwa mkono mmoja siku nzima;
* ncha yake inyumbulike vya kutosha ili chambo kisichanike;
* sehemu ya chini iwe na ugumu wa kumtawala samaki mwenye nguvu.

Baada ya majaribio alipendekeza ufito wenye urefu wa futi 8 na inchi 3, yaani takriban mita 2.5, na uzito wa karibu aunsi 8, yaani gramu 225 hivi. Ufito huo ulikuwa na vipande vitatu vilivyoungana kwa mirija ya chuma. Kipande cha chini kiliweza kutengenezwa kwa mti wa eshi, na vile viwili vya juu kwa lansiwudi, mti wa nchi za Karibi ambao mbao zake ni ngumu lakini hunyumbulika na kurudi mahali pake bila kupinda. Mwenye fedha zaidi aliweza kupata ufito wa namna hiyo uliotengenezwa kwa mianzi iliyopasuliwa.

Viwanda vilipokea vipimo hivyo upesi. Miongoni mwa waliotengeneza na kuuza fito zenye jina la Henshall ni Thomas H. Chubb wa Post Mills na Charles F. Orvis wa Manchester, wote wa jimbo la Vermont. Kwa mara ya kwanza mvuvi wa besi aliweza kufungua orodha ya bidhaa na kukuta ufito uliopimwa kwa ajili ya samaki wake.

Jinsi ufito unavyofanya kazi

Ufito ni wenzo na pia ni springi. Mvuvi anapourudisha nyuma na kuusukuma mbele, uzito wa chambo huupinda, na ufito unaponyooka hutoa nguvu iliyowekwa ndani yake. Kwa hiyo ufito na chambo havina budi kulingana. Chambo chepesi hakiwezi kuupinda ufito mgumu, basi hakiendi mbali. Chambo kizito huulemea ufito laini, nao huchelewa kunyooka.

Urefu nao una kazi yake. Ufito mrefu husafiri katika upinde mpana, kwa hiyo hukipeleka chambo taratibu bila kishindo. Ufito mfupi una upinde mdogo, husukuma kwa ghafla, na ni rahisi kuulenga.

Mahali ufito unapopindia pia pana maana. Ufito unaopinda karibu na ncha tu huitikia upesi na hupenyeza ndoana kwa nguvu. Ule unaopinda tangu katikati au kwenye mpini hutupa kwa upole na humchosha samaki bila kukata mshipi.

Henshall alitaka mpindo usambae sawasawa tangu ncha hadi karibu na mpini, pasiwe na mahali palipolegea wala palipokakamaa. Jambo hilo hutegemea jinsi fundi anavyopunguza unene wa ufito kuelekea juu. Akipunguza kupita kiasi mahali pamoja, ufito huvunjika hapohapo siku samaki mkubwa anaponasa.

Ufundi wa mianzi iliyopasuliwa

Fito bora za wakati huo zilikuwa za mianzi iliyopasuliwa. Samuel Phillippe, fundi wa bunduki wa Easton huko Pennsylvania, anatajwa kuwa miongoni mwa Wamarekani wa kwanza kuzitengeneza, katika miaka ya 1840. Baadaye Hiram Leonard wa Bangor, jimbo la Maine, alizifanya kuwa bidhaa ya kiwandani.

Fundi alichagua mwanzi mkavu, wakati huo kwa kawaida uliotoka India kupitia bandari ya Calcutta. Aliupasua kwa urefu, akaondoa vizuizi vya ndani vya pingili, kisha akapiga randa papi sita, kila moja ikiwa na umbo la pembetatu. Ganda la nje la mwanzi halikuguswa, kwa sababu nyuzi zenye nguvu ziko karibu na ganda. Papi hizo sita ziliunganishwa kwa gundi, ganda likiwa nje pande zote, na ufito ukawa na pande sita. Pingili zilipangwa zisikutane mahali pamoja, maana pingili ndiyo sehemu dhaifu ya mwanzi.

Baada ya gundi kukauka, ufito ulinyooshwa kwa moto wa taa, ukafungwa kwa nyuzi za hariri, ukatiwa mirija ya kuunganishia, pete za kupitishia mshipi na mpini, kisha ukapakwa vanishi tabaka kadhaa ili maji yasiingie. Kosa la unene wa ukucha katika kupiga randa lilitosha kubadili tabia ya ufito mzima. Ndiyo sababu ufito wa mianzi uliuzwa kwa bei kubwa kuliko ule wa mbao, na ndiyo sababu Henshall alipendekeza pia eshi na lansiwudi, ili mtu wa kipato cha kawaida asikose ufito unaofaa.

Ufito wa nzi bandia

Henshall hakudai kwamba ufito mmoja unatosha kwa kila mbinu. Kwa kuvua besi kwa nzi bandia alipendekeza ufito mwingine, mrefu zaidi, wa takriban mita tatu. Katika mbinu hiyo kinachotupwa ni mshipi wenyewe, maana nzi bandia hana uzito. Ufito unapaswa kuunyanyua mshipi mrefu kutoka majini, kuupeleka nyuma, kusubiri unyooke, na kuurusha mbele. Kwa kazi hiyo urefu na unyumbufu ni faida.

Hata rili ilibadili mahali. Katika ufito wa nzi rili hukaa chini ya mkono, nyuma kabisa, na kazi yake kubwa ni kuhifadhi mshipi. Katika ufito wa kutupia chambo rili hukaa juu, mbele ya mkono, ili kidole gumba kiifikie. Tofauti hizo, ambazo leo huonekana za kawaida, Henshall alizieleza moja baada ya nyingine kwa wasomaji ambao wengi wao walikuwa na ufito mmoja tu nyumbani.

Kitabu cha 1881

Book of the Black Bass kilichapishwa Cincinnati na Robert Clarke & Co. Kina sehemu tatu. Ya kwanza inahusu sayansi na maisha ya samaki: majina, umbo, chakula, kuzaa na maeneo anakopatikana. Ya pili inahusu vifaa: fito, rili, mishipi, ndoana na vyambo. Ya tatu inahusu mbinu za kuvua.

Mpangilio huo ulikuwa na sababu. Henshall aliamini kwamba mtu hawezi kuchagua ufito bila kujua mbinu, wala hawezi kuchagua mbinu bila kujua samaki anaishi wapi na anakula nini. Daktari huanza kwa kumchunguza mgonjwa ndipo aandike dawa, na kitabu chake kinafuata njia hiyohiyo.

Katika kitabu hicho alitoa dai lililozua ubishi mkubwa: kwamba ukilinganisha samaki wenye urefu na uzito sawa, hakuna anayepigana kumshinda besi. Wapenzi wa trauti hawakukubali. Hata hivyo maneno yake ya kumsifu besi yalienea kote nchini, yakarudiwa katika magazeti na matangazo ya biashara hata na watu ambao hawakuwahi kukisoma kitabu. Alitabiri pia kwamba besi atakuwa samaki mkuu wa uvuvi wa burudani nchini Marekani. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya kusikitisha: misitu ilikuwa inakatwa, mito ilikuwa inapata joto na kuchafuka, na trauti alikuwa anapungua, wakati besi aliweza kuvumilia hali hiyo.

Nyongeza ya kitabu, More About the Black Bass, ilitoka mwaka 1889, na toleo lililosahihishwa lilitoka mwaka 1904.

Safari za Florida

Mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880 Henshall alitumia majira mawili ya baridi akisafiri kwa mashua kando ya pwani za Florida, wakati sehemu kubwa ya kusini mwa jimbo hilo haikuwa na reli wala miji. Matokeo yake ni kitabu Camping and Cruising in Florida cha mwaka 1884. Ndani yake aliiangalia nchi hiyo kama mvuvi, mwindaji, baharia, mtaalamu wa viumbe na daktari.

Alirudi Florida mwaka 1889 kukusanya vielelezo vya samaki wa kusini mwa jimbo, na ripoti yake ilichapishwa na Tume ya Samaki ya Marekani.

Utumishi katika mambo ya samaki

Kidogo kidogo samaki walichukua nafasi ya wagonjwa. Henshall alikuwa rais wa Chama cha Uvuvi cha Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mwaka 1893, katika Maonyesho ya Dunia huko Chicago, alisimamia sehemu ya vifaa vya uvuvi wa burudani. Wageni waliona pamoja fito, rili na vyambo vya zamani na vya wakati ule, na mashindano ya kutupa mshipi yalifanyika wakati wa maonyesho hayo.

Mwishoni mwa miaka ya 1890 aliteuliwa kuwa msimamizi wa kituo cha serikali cha kuzalisha vifaranga vya samaki huko Bozeman, jimbo la Montana, akabaki huko hadi mwaka 1909. Kazi yake kubwa ya Bozeman haikuhusu besi bali greilingi, samaki wa maji ya baridi kali mwenye pezi kubwa la mgongoni. Greilingi wa Michigan alikuwa anatoweka kwa sababu ya ukataji wa misitu, uvuvi uliopita kiasi na kuletwa kwa trauti wageni. Mwishowe alitoweka kabisa katika jimbo hilo. Wa Montana alikuwa bado yupo, lakini hapakuwa na njia ya uhakika ya kumzalisha. Henshall na wasaidizi wake walijifunza kukusanya mayai yake, kuyatunza na kuyaangua, na mayai yakapelekwa katika vituo vya majimbo mengine. Aliandika pia maelezo ya utaratibu huo ili wengine waufuate.

Mwaka 1909 alihamia kituo cha Tupelo, jimbo la Mississippi, kilichozalisha samaki wa maji ya joto wakiwemo besi. Huko tatizo lilikuwa tofauti. Trauti na greilingi hukamuliwa mayai kwa mkono, lakini kwa besi njia hiyo haifai vizuri. Dume huchimba kiota, jike hutaga humo, na dume hubaki kulinda mayai na watoto. Kwa hiyo besi huzalishwa kwa kuwaacha wazae wenyewe katika mabwawa yaliyotayarishwa, kisha watoto hukusanywa kabla hawajaanza kulana. Alibaki Tupelo hadi mwaka 1917, alipokuwa na umri wa miaka 81.

Ubishi juu ya ufito mfupi

Tangu miaka ya 1880 wavuvi wa Chicago na maziwa ya jirani walianza kutumia ufito mfupi wa futi 6 hivi, yaani takriban mita 1.8, na kutupa chambo juu ya kichwa badala ya ubavuni. Walivua katikati ya majani ya majini, mara nyingi kwa chura au chambo bandia, na walihitaji kukidondosha chambo katika uwazi mdogo. Kwa kazi hiyo ufito mfupi ulilenga vizuri zaidi.

Henshall hakuupenda. Aliona kwamba mtupo wa juu ya kichwa unakibamiza chambo majini na kumuua samaki mdogo aliye kwenye ndoana, na kwamba ufito mfupi na mgumu unapunguza ustadi wa kupigana na besi. Aliendelea kuutetea ufito wake wa futi 8 na inchi 3 katika maandishi ya baadaye, kikiwemo kitabu Bass, Pike, Perch, and Others cha mwaka 1903.

Soko halikumfuata. Vyambo bandia vya mbao vilipoenea mwanzoni mwa karne ya 20, sababu ya kulinda uhai wa chambo iliondoka, na ufito mfupi ukawa wa kawaida kwa miaka mingi. Katika ubishi huo Henshall alishindwa kwa kanuni yake mwenyewe: mbinu ilikuwa imebadilika, na ufito ukabadilika pamoja nayo.

Miaka ya mwisho

Baada ya kustaafu Henshall alirudi Cincinnati. Aliandika habari za maisha yake, zilizochapishwa kwa sehemu katika jarida la Forest and Stream. Vitabu vyake vingine ni pamoja na Ye Gods and Little Fishes cha mwaka 1900, chenye mzaha juu ya hadithi za wavuvi wa kale, na Favorite Fish and Fishing cha mwaka 1908. Alifariki mwaka 1925 akiwa na umri wa miaka 89.

Urithi

Utabiri wake kuhusu besi ulitimia. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 besi alikuwa samaki anayevuliwa zaidi kwa burudani nchini Marekani, na tangu miaka ya 1960 mashindano ya kumvua yenye zawadi za fedha yalienea. Mabwawa mengi yaliyojengwa kwa umeme na umwagiliaji yalimpatia makazi mapya.

Vifaa vimebadilika. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mianzi ilipisha nyuzi za kioo, na tangu miaka ya 1970 nyuzi za kaboni. Hata hivyo waundaji wa fito maalumu bado huanza na maswali aliyouliza Henshall: chambo kina uzito gani, kitatupwaje, samaki yuko kwenye majani, mawe au maji wazi, na ndoana inahitaji nguvu kiasi gani kupenya. Kwa chambo chenye ndoana nyingi ndogo huchagua ufito unaopinda tangu katikati, ili ndoana zisichomoke. Kwa chambo laini kinachokokotwa sakafuni huchagua ufito wenye ncha inayoitikia upesi, ili mvuvi ahisi mguso. Kisha huupinda ufito mtupu ili kujua upande ulio mgumu zaidi, huupima kwa uzito, na kupanga pete ili mshipi ufuate mpindo bila kugusa ufito.

Katika miaka ya 1970 wavuvi wa California walileta mbinu ya kudondosha chambo kizito kwa karibu katikati ya vichaka vya majini. Mbinu hiyo ilihitaji ufito mrefu wa zaidi ya mita 2.2. Hivyo urefu unaokaribia ule wa Henshall ulirudi, ingawa kwa kazi ambayo yeye hakuijua.

Urithi wake una upande mwingine. Besi walikuwa wameanza kusambazwa hata kabla ya kitabu chake. Mwaka 1854 samaki wachache wa bonde la Ohio walisafirishwa katika tangi la maji la gari-moshi hadi mto Potomac, ambako waliongezeka haraka. Sifa zilizofuata ziliongeza tamaa ya kuwapeleka mbali zaidi, na katika maji mengi wageni hao waliwala samaki wenyeji.

Mfano mmoja uko Afrika Mashariki. Besi mdomo-mkubwa aliletwa katika Ziwa Naivasha nchini Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Ziwa hilo lilikuwa na aina moja tu ya samaki wa asili, samaki mdogo aitwaye Aplocheilichthys antinorii. Alionekana kwa mara ya mwisho mwaka 1962, na besi anadhaniwa kuwa sababu mojawapo ya kutoweka kwake. Besi mwenyewe bado yupo Naivasha, naye huvuliwa kwa nyavu na kwa fito.